Waya wa Nguo wa Mama

Vumbi linaloungua juu ya taa ya kioo lina harufu yake, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya Jumapili jioni. Redio yetu ilikuwa ya zamani, yenye taa za vioo ndani. Ukiiwasha, ilipata moto kwanza kama jiko ndipo ikubali kusema. Ilikuwa miaka ya themanini, tukikaa Kisumu, na kaka yangu Ochieng' alikuwa akisoma ng'ambo. Barua yake ilisema kwamba Jumapili fulani, saa kumi na mbili na nusu jioni, angetoa salamu kwenye idhaa ya Kiswahili ya huko, katika masafa mafupi. Mama alikuwa hajasikia sauti yake kwa miaka miwili. Shida ni kwamba mvua ya mawe ilikuwa imekata antena yetu, na redio ilikuwa ikikoroma tu.

Baba, aliyejiona fundi kwa sababu alikuwa na bisibisi, alichagua ringi ya baiskeli iwe antena mpya. Aliifunga kwenye mlingoti mrefu, akaisimamisha juu ya paa, na wiki nzima majirani wakaisifu. Ilipendeza kweli, ila haikushika chochote isipokuwa radi za ziwani. Siku yenyewe, zikiwa zimebaki dakika kumi na tano, Baba alikuwa bado kwenye ngazi akiizungusha, nami, msichana wa miaka kumi, nilikuwa karibu kulia.

"Baba Ochieng', jaribu hii waya yangu ya nguo," Mama akasema.

"Hiyo ni ya kuanikia suruali, mama. Redio haitaki suruali."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwetu mkuu hakuwa mwenye bisibisi. Waya ule ulipokuwa umefungwa kwenye mabati uliwahi kumpiga Mama shoti. Tangu hapo aliuhamishia kati ya mpera na nguzo, na kila mwisho akautenga kwa kipande cha mpira wa slipa kuukuu. Ulikuwa mrefu, uko juu, haugusi kitu: antena kamili, nasi miaka yote tulikuwa tukiitumia kuanikia soksi. Mama alianua nguo mbichi, akanitwika zote mabegani, kisha akauunganisha na redio kwa mikono yake.

Redio ilipiga mluzi, ikatulia. "Mama, Baba, ni mimi Ochieng'. Huku baridi ni nyingi, lakini ninakula."

Ochieng' alipomaliza, Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje. Mimi nilicheza na zile nguo mbichi mabegani, nikiwa na furaha ambayo sijaipata tena. Baba alisikia yote akiwa juu ya ngazi. Tangu siku hiyo aliomba ruhusa kabla ya kuanika shati.

Siku hizi Ochieng' hupiga simu kila wiki, na uso wake huonekana wazi hata mvi ninazihesabu. Ni jambo jema, sikatai. Lakini juzi, nyumbani kwetu Bondo, Mama alipomaliza kuongea naye alinirudishia simu, akautazama uani waya ule ule, aliohama nao kutoka Kisumu.

"Sauti hii inakuja yenyewe," akasema. "Ile tuliishika."