Nilipotoa Viti Nje Siku ya Mtihani

Chekeni tu, maana hata mimi ningesimuliwa habari hii ya mtu mwingine ningecheka mpaka nishike ukuta, ila aliyepakwa unga kichwani mchana kweupe katikati ya avenue moja ya mtaa wetu wa Kikula, Likasi, na watu waliokuwa wametoka kumlilia, ni mimi mwenyewe, mwanaume wa miaka arobaini na kitu, mwenye mvi tayari kwenye ndevu. Aibu ile bado haijapoa, lakini afadhali niisimulie mwenyewe kuliko kuisikia sokoni imeongezwa chumvi.

Mnanijua mimi ni mtu wa njia. Nilipopata diploma ya sekondari niliondoka Likasi, nikaenda Kolwezi, nikaenda Kasumbalesa, nikafika hadi Kalemie kule ziwani, na kila mahali nilianza kitu nikakiacha kabla hakijachemka: duka la vipuri nililiacha, kazi ya ghala niliiacha, kwaya niliiacha karibu katikati ya wimbo. Tena nina ugonjwa wa kutamani nilikotoka, nikiwa Kalemie natamani mijakaranda ya Likasi, nikiwa Likasi natamani samaki wa Kalemie. Mwishowe nikarudi, nikapanga nyumba Kikula, nikajiandikisha kwenye chuo kikuu kinachofundisha kwa intaneti, na safari hii, sijui ilikuwaje, nikavumilia mpaka likabaki somo moja tu, takwimu. Nilikuwa nimeanguka mara ya kwanza. Huu ulikuwa mtihani wa marudio: nikipita, nina digrii, kitu cha kwanza maishani nilichokimaliza, nikianguka, narudia mwaka mzima.

Kosa langu lilikuwa dogo: sikumwambia mtu. Mama yangu, anayekaa Kapolowe na mihogo yake, alijua kwamba ninasoma “mu mashine”, basi, hata tarehe sikumpa. Majirani sikuwaambia lolote, kwa sababu ukimwambia mtu wa Kikula kwamba una mtihani, kesho yake atakuuliza umepata ngapi, na mimi kwa umri wangu sikutaka kuulizwa.

Zamani zetu mtihani ulikuwa mtihani. Mnakaa kwenye madawati ya mbao, mwalimu anatembea nyuma yenu na viatu vinavyolia, na kwa kulia kwake unajua yuko wapi. Siku hizi msimamizi yuko mji usioujua, anakuangalia kwa jicho la kompyuta, wewe humwoni. Siku moja kabla, chuo kilinitaka nifanye majaribio ya chumba, na sauti ya binti mmoja, Kifaransa cha puani kabisa, ikaniambia nizungushe kompyuta aone sebule yangu.

“Monsieur, kalenda hiyo ukutani iondoke. Televisheni iondoke. Nyuma ya makochi hayo anaweza kujificha mtu, yaondoke. Na yule nani anayekuangalia pale pembeni?”

“Ni mimi, mademoiselle. Ni kioo cha kabati.”

“Kifunike. Kesho nataka kuona meza moja, kiti kimoja na wewe.”

Ningeweza kwenda kuomba ofisi ya mtu mjini, lakini kuomba ni kueleza, na kueleza sikutaka. Kwa hiyo kesho yake, majirani walipokuwa sokoni, nikabeba makochi mimi mwenyewe, nikabeba viti na televisheni, nikavipanga nje kando ya ukuta, nikateremsha kalenda, na kabati kwa sababu ni zito nikaliacha ila nikafunika kioo kwa shuka jeupe. Simu nikaizima, nikaiacha jikoni, maana ndivyo kanuni zilivyosema. Nikafunga mlango wa mbele kwa komeo. Nikaangalia sebule ile tupu, nikajisifu.

Ninyi wa kwetu mmeshashika vichwa, najua. Kwa yule asiyetujua nitasema tu kwamba kwetu sebule haitolewi viti ovyo. Inatolewa siku kilio kimeingia nyumbani, ili wafiwa wakae chini, na kioo kinafunikwa siku hiyohiyo. Mimi niliyekaa kwenye vilio vingi kuliko harusi, nilipita na makochi mlangoni bila kuliona hilo, kwa sababu kichwani mlikuwa na takwimu tu.

Ukaanza mtihani wa muda wa saa tatu. Nikaonyesha kitambulisho, nikaonyesha meza, yule binti akasema anza, nikaanza, na swali la kwanza nililijua. Ndipo nikasikia mlangoni.

“Kokoko! Ya Dona! Uko mu nyumba?”

Ya Dona, yaani kaka Dona, ni mimi, na anayeita ni Mama Chantal, jirani yangu, muuza samaki wadogo na kiongozi wa kikundi cha maombi, mwanamke mwenye sauti iliyoumbwa kwa ajili ya viwanja vikubwa. Kanuni zinasema husemi na mtu yeyote, na macho hayatoki kwenye skrini. Nikaendelea na hesabu. Akazunguka akaja dirishani.

“Yesu wangu! Na kioo kimefunikwa! Ya Dona, ni nani alikufwa?”

Nikatikisa kichwa kidogo tu, kumwambia hakuna, hakuna.

“Monsieur,” ikasema kompyuta, “angalia mbele. Hilo ni onyo la kwanza.”

“Anashindwa hata kusema,” Mama Chantal akawaambia wenzake aliorudi nao sokoni. “Anatikisa tu kichwa. Lazima ni mama yake wa Kapolowe.”

Na kwa kuwa mama yangu akija kwangu humwachia mihogo, Mama Chantal alikuwa na namba yake, akaipiga hapohapo chini ya dirisha langu, simu ikiwa kwenye sauti kubwa, akitegemea kumpata yeyote aliyebaki na simu ya marehemu. Nikasikia kila neno.

“Alo? Pole sana. Ni nani anashika telefone ya mama?”

“Nani anashika? Si ni mimi mwenyewe!”

“Mama? Haukufwa?”

“Nikufwe juu ya nini? Ni nani anasema nilikufwa?”

“Mama, kilio iko huku kwa Ya Dona, biti yote iko inje, kioo kimefunikwa…”

Halafu simu ile ikatoa mlio ambao sitausahau, mama yangu analiita jina langu, “Dona wanguee!”, na hapo unite za Mama Chantal, yaani salio la simu, zikaisha, simu ikakatika kabla hajasema kwamba Dona mwenyewe ameketi mezani na kalamu.

Sasa niambieni, mngefanya nini? Nikiinuka, mtihani umefungwa. Nikisema neno, umefungwa. Nikajiambia Kapolowe ni mbali, nitamaliza, nitawasha simu, nitampigia. Lakini Mama Chantal hakungoja jina la maiti (kwetu kilio hakingoji jina, jina litajulikana). Wanawake wa maombi wakaja, wakatandika mikeka uani, mmoja na unga wa bukari, ndio ugali wetu, mwingine na makaa, na wakaanza kuimba zile nyimbo za polepole ambazo hata asiyefiwa zinamtoa machozi.

“Monsieur, nasikia kwaya.”

“Ni kanisa, mademoiselle. Liko jirani.”

“Onyo la pili. La tatu nafunga.”

Na hapo, ndugu zangu, ndipo woga wenyewe uliponiingia, maana watu wanapolia kwa moyo wote namna ile nje ya dirisha lako, nawe simu yako imezimwa, unaanza kujiuliza: na kama kweli kuna mtu? Na kama wao wanajua nisichokijua? Nikawaza mjomba wangu wa Kambove, anayeshuka kwenye mashimo ya kuchimba shaba. Nikawaza dada yangu. Nikarudia hesabu moja mara nne, kila mara jibu jipya. Jasho likanidondokea mezani, nikaogopa hata kulifuta, nisije nikaambiwa nimeficha kitu kwenye leso.

Nilikuwa nimebakiza ukurasa mmoja mlango wa jikoni ulipofunguka (ule sikuukumbuka kabisa). Mama yangu. Alikuwa amepanda lori la mahindi, kitenge kimefungwa kiunoni namna ya kilio, kichwa wazi, machozi na vumbi usoni. Alinikamata kichwa kwa mikono miwili, akanipapasa mabega kama anayenunua mbuzi, kisha akanizaba kofi.

“Uko muzima! Uko muzima na telefone haushike! Weye ni mutoto wa namna gani?”

Nyuma yake wakaingia Mama Chantal na kikundi chote, na kwa kuwa sebule haikuwa na viti, wakakaa chini kama desturi, mmoja hapa, mmoja pale, mbele ya jicho la kompyuta.

“Monsieur!” binti akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya puani. “Watu hawa wote ni nani? Una msiba?”

Akaendelea polepole, kwa huruma kweli:

“Kama umefiwa, kanuni zinaruhusu kukupangia siku nyingine. Hutapoteza kitu. Niambie tu aliyefariki ni nani.”

Mlango wa kuokoka ulinifungukia, jamani. Nilichotakiwa kutoa ni jina moja tu, na nilikuwa na babu aliyekufa zamani sana ambaye asingekataa kunisaidia. Nikafungua mdomo. Lakini mama yangu, ambaye Kifaransa chake ni cha misioni, kichache ila cha nguvu, alikuwa ameshika neno hilo moja la kufariki, akanisukuma pembeni, akaweka uso wake wote kwenye kompyuta.

“Personne, madame! Personne! Hakuna mufu! Mwana wangu iko muzima! Dieu est grand!”

“Amina!” wakajibu wanawake wote kutoka chini.

Binti akasema kwamba, kama hakuna msiba, basi ni watu wengi ndani ya chumba cha mtihani, kikao kimefungwa, nitaandikiwa sifuri. Skrini ikawa nyeusi.

“Amesema nini?” mama akauliza.

“Amesema imeisha, mama.”

“Imeisha? Masomo ya mu mashine?”

“Imeisha.”

Mama akageuka kwa wanawake, akainua mikono. “Mwana wangu amemaliza! Alikuwa anasoma ku université! Amemaliza!”

Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani vilisikika mpaka stesheni. Mnajua kwetu aliyepita mtihani hupakwa poda nyeupe, na poda haikuwepo, lakini unga wa kilio ulikuwepo, Mama Chantal akaufungua na kunimwagia wote kichwani. “Kumbe njo maana ulitoa biti inje! Ulikuwa unatayarisha furaha!” Wakanivuta barabarani. Pikipiki zikapiga honi, wauza makaa wakanipa mkono, mwanaume mmoja nisiyemjua akanikumbatia na kuniita “licencié”, mwenye digrii. Nami nilikuwa nacheka, kwa sababu uso uliojaa unga unafanya nini kingine? Kila nilipotaka kusema, mwingine alinirukia.

Jioni nikamsindikiza mama kwenye gari la kurudi. Njiani nikamwambia ukweli wote, sifuri, mwaka mzima wa kurudia, yule binti na huruma yake. Akasimama. Nikangoja kofi la pili.

“Na nilishapigia Kapolowe,” akasema.

“Utawaambia ulisikia vibaya.”

“Minye? Asubuyi nilibaambia umekufwa, bakalia. Saa ile nikabaambia umepita, bakachinja mbuzi. Minye siwezi kubaambia mara tatu mu siku moja. Ya tatu utaenda kubaambia weye mwenyewe.” Akapanda gari, akafunga mlango.

Nimejiandikisha tena. Nimepita nyumba kwa nyumba kwenye avenue yetu nikawaeleza wote siku na saa, bila kuona haya, na Mama Chantal ameahidi kwamba siku hiyo kikundi kitaomba kimoyomoyo (sijawahi kumwona akifanya hivyo, lakini ameahidi). Ila Kapolowe sijaenda. Huko naambiwa wananiita licencié, na mbuzi walimla bila mimi, kwa bukari, wakanisifu. Mimi niliyezunguka nchi hii bila kuogopa njia yoyote, naiogopa ile moja tu, na nimeapa sitaikanyaga mpaka neno walilokwisha kulila liwe kweli.