Viti vya Kuazima kwa Mbok Paniyem

Mbok Paniyem, yaani Mama Paniyem, alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa wenyewe ni wageni. Mtu akipiga hodi kwake, hata kama ni muuza sindano aliyepotea njia, lazima akalishwe, anyweshwe chai tamu, aulizwe habari za kwao mpaka za mbuzi wao. Sisi watu wa wilaya hii ya Gunungkidul sote tuko hivyo, lakini yeye alizidi. Mimi Lasmi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ndiye niliyekuwa nikimpigia kelele.

Mwaka ule pesa ya nchi iliporomoka, viwanda vya Jakarta vikafunga milango. Binti yake Sumi, aliyekuwa akishona viatu huko, akarudi nyumbani na mimba kubwa, mume kabaki mjini anahangaikia vibarua. Chakula kikawa tiwul asubuhi, tiwul jioni, huo ugali wetu wa makopa. Mtu mzima anavumilia, lakini mjamzito yule alikonda mpaka macho yakamtoka. Serikali ikatangaza mchele wa bei ya chini kwa kaya zilizozidiwa, afisa atapita nyumba kwa nyumba kujionea. Mbok Paniyem akiupata, Sumi atakula, ajifungue na nguvu zake. Akiukosa, basi tena.

Sasa hebu niambie, mwenye akili angefanya nini? Angeiacha nyumba ilivyo. Yeye asubuhi hiyo kaja kwangu anahema.

"Lasmi, niazime runinga yako."

"Runinga? Na wewe kwako hakuna umeme?"

"Ya kutazamwa tu. Mgeni wa serikali anakuja, akute sebule tupu kama zizi?"

"Mama, ndicho anachokuja kukiona! Mwache akione!"

"Aibu hiyo kaifanyie kwako."

Nikamfokea, akanifokea, mwishowe runinga nikaibeba mwenyewe, maana yule nani anamweza? Nikamkuta Pak Karso, yaani Bwana Karso, wa ng'ambo ya njia keshaleta viti vyake vyenye mito myekundu. Yati wa duka kaleta vikombe vya maua na sukari. Sakafu ya udongo imefunikwa kwa zulia la mzee wa kitongoji. Sumi kafichwa jikoni nyuma ya pazia, eti mgeni asimwone binti aliyepunguzwa kazini.

Afisa akafika, kijana mmoja mpole, Pak Hendarto. Akavua viatu, akaketi, akakoroga chai, akazungusha macho. Nikaona uso wake unachangamka, nikajua tumekwisha.

"Alhamdulillahi, Mama," akasema. "Huko nilikotoka watu wanalala chini. Nyie Mungu kawajalia. Mchele tuwaachie wenye shida, au siyo?"

Mbok Paniyem akatabasamu. "Ndiyo, mwanangu. Wapewe wenye shida."

Lahaula! Nikamkanyaga mguu. Nikamfinya. Anatabasamu tu, jasho linamtiririka. Kule jikoni Sumi akakohoa. Afisa akainuka kuaga.

"Kaa, mwanangu," mama akasema. "Hujamaliza chai." Kisha sauti ikambadilika. "Hicho kiti ni cha Karso. Kikombe ni cha Yati, na sukari pia ni yake. Zulia ni la mzee wa kitongoji. Runinga ni ya huyu anayenifinya."

Pak Karso, aliyekuwa akichungulia dirishani, akainama asionekane.

"Sasa cha kwako ni kipi, Mama?"

"Majani ya chai. Na mkeka ule pembeni. Na huyu." Akavuta pazia. "Sumi, njoo umsalimie mgeni."

Sumi akatoka, tumbo mbele, akatoa mkono. Mbok Paniyem alikuwa anatazama chini. Miaka yote ya ujirani wetu sikuwahi kumwona akitazama chini mbele ya mgeni, na roho iliniuma kwelikweli.

Pak Hendarto akasogeza kiti, akakunja zulia, akautandika ule mkeka mwenyewe juu ya udongo, akakaa.

"Basi mimi ni mgeni wako wewe, si wa Karso. Hapa mnakula nini?"

"Tiwul tu, mwanangu. Haikufai."

"Mama yangu kanilea kwa tiwul. Lete."

Akala. Tena akaomba nyongeza, mtu mzima! Mbok Paniyem akacheka huku machozi yanamtoka, Sumi akacheka, na Pak Karso kule nje akaangua kicheko mpaka akajulikana.

Mchele ulikuja, nami nilisaidia kuubeba. Siku ulipopikwa mara ya kwanza, Mbok Paniyem alimkalisha Sumi pale sebuleni, akamwekea sahani iliyojaa, akakaa mbele yake akimtazama akila.

"Nikuongeze, mwanangu?"

"Niongeze, Mama," Sumi akasema, mdomo umejaa.