Nilijibu "Mzuri Sana" Kortini

Jamaa, leo nusura niisaidie kampuni kunishinda kesi.

Mnajua ule uvimbe wa shingo yangu. Mwaka mzima daktari wa kampuni yetu ya machimbo alinipa vidonge vya maumivu na kunirudisha kuvunja mawe. Hospitali ya Nairobi wakasema ni saratani, imecheleweshwa, wakakata nusu ya shingo. Ndiyo maana nadai fidia.

Basi nimeingia kortini Makindu na koti la kuazima. Hakimu akanisalimu vizuri.

"Habari yako, mzee?"

"Mzuri sana, mheshimiwa! Bwana asifiwe, sina neno!"

Watu wakacheka. Wakili wangu akashika kichwa. Wakili wa kampuni alikuwa ameshaandika.

Kisha yule daktari wa machimbo akasimama. "Kila akija nilimuuliza habari. Alisema mzuri sana."

Ni kweli! Kwetu kijijini Tulia hata mtu aliyebebwa kwa machela hujibu mzuri kwanza, halafu ndiyo anaeleza shida. Huyu daktari hakungoja hiyo halafu. Nikifungua mdomo tena, tayari vidonge viko mkononi.

Hakimu akaniambia nifungue kola.

Nikafungua, kovu likaonekana lote. Hakuna aliyecheka tena.

"Daktari," akauliza, "na macho hukuwa nayo?"

Daktari akatazama viatu vyake. Tumeambiwa turudi mwezi ujao.

Nje wakili akanionya: "Mzee, kuanzia leo ukiulizwa habari, kohoa tu."

Langoni askari akaniita, "Habari ya kesi, mzee?"

Nikakohoa vizuri kabisa.

Halafu nikamwambia mzuri sana.

Nyinyi mngejibu nini?