Ukishanyoosha Mguu

Harufu ya piko mbichi, ile rangi nyeusi ya kuchorea maharusi, ikinipitia tu, narudi uani kwetu Temeke, likizo ile ya darasa la sita, dada Rukia anakaribia kuolewa. Wasichana wa mtaa tulikuwa tunajifunza kuchora, na tulikuwaga na sheria yetu: unajichora mwenyewe kwanza kwenye muundi, halafu unanyoosha mguu mkekani, na ukishaunyoosha huruhusiwi kuurudisha mpaka kila mtu aseme alichokiona. Mie nilitaka miguu ya dada niichore mwenyewe. Mama mkubwa alishasema, nikivurunda anamwita mchoraji wa kulipwa kutoka Tandika. Basi nikanyoosha. Maua, majani, vidoti, kila upenyo nimeujaza, najiona fundi. Zuwena, mtoto wa jirani, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akafinya macho.

"Shosti, mie huku naona soksi."

Wakacheka mpaka nikataka kulia. "Soksi gani? Si usogee uone maua!"

"Na wageni je, utawaita mmoja mmoja wasogee? Punguza bwana, ngozi nayo ipumue."

Wanasema kinyozi hajinyoi, ila siku ile methali haikunisaidia, nilimchukia tu. Na piko halitoki kwa sabuni. Nikatembea na soksi yangu siku kibao, watoto wananizomea hadi dukani. Mguu wa pili nikauchora kwa hasira: ua moja, kikonyo kirefu, basi. Zuwena akarudi mlangoni, akasema, "Hapo sasa." Dada alipotolewa nje na ua langu moja kila mguu, wanawake waliokaa nyuma kabisa walikuwa wanaonyeshana miguu yake kwa vidole, na mama mkubwa ndiye aliyeanza vigelegele.

Siku hizi nachora kadi za harusi kwenye simu, na nimechoka. Kinachonichosha ni upole wa watu. Nikiwauliza wachoraji wenzangu, jibu ni "iko poa" au "moto huo." Mteja asiporidhika haniambii; nakujaga kuona kadi ya mdogo wake imechorwa na mwingine. Leo asubuhi nimeweka kadi mpya kwenye grupu letu, nikaandika, "Jamani nichambueni, msinionee huruma." Zimeingia emoji za kopa nyekundu tupu. Naiangalia hiyo kadi, kasoro naihisi kabisa, siioni, na mteja anaifuata jioni.