Ua la Kwenye Kopo la Nyanya

Yuditha alikuwa na hasira tangu Jumapili ya mavuno, na hii ilikuwa wiki ya tatu. Si hasira ya kupiga kelele. Hiyo kwake huisha kabla chai haijachemka. Hii ilikuwa ile inayokaa kooni. Aliamka nayo, akakamua nayo ng'ombe, akakata nayo majani ya migomba, na jioni akapiga nayo magoti kusali akijua kabisa kwamba Mungu anaiona. Alikuwa na miaka sitini na mbili, mjane, mzee wa kanisa kwa miaka kumi na saba katika usharika mmoja wa Kilutheri huku juu Marangu. Sasa akipita barabarani, wanawake waliokuwa wakiongea walinyamaza mpaka apite.

Na yote hayo kwa sababu ya mmea usiozidi shibiri moja, ulioota kwenye kopo la nyanya.

Aliyeuleta ni Godlove, mwanawe wa mwisho, mtu mzima wa miaka thelathini na moja, kazi yake kuongoza wageni mlimani. Siku moja mwezi wa sita alishuka kutoka huko juu, akala ndizi nyama sahani mbili, kisha akalitoboa kopo kwa msumari, kopo dogo lile la ukubwa wa ngumi, akalijaza udongo na kuliweka barazani katikati ya maua ya mama yake.

"Nini hicho?" Yuditha aliuliza.

"Ua la Kizungu, mama. Kuna mgeni kanipa mbegu. Linafukuza mbu."

"Kwenye kopo hilo? Hata kitunguu hakikai humo."

"Ndivyo lilivyo. Halitaki nafasi."

Hapo ndipo alipopaswa kushtuka, maana kwenye baridi ya pale kwao mbu wa kufukuza hakuna. Lakini mama akiletewa ua na mwanawe wa kiume haanzi kuhesabu mbu. Alilipenda. Kwenye kihamba chake, shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, kila kitu kina taratibu zake: kahawa unaipanda na kuingoja miaka mitatu, mgomba unakuchunguza kwanza kabla ya kukupa mkungu. Hili halikungoja mvua wala msimu. Miezi miwili haijatimia, likiwa bado fupi kuliko upawa, likaanza kutoa maua lenyewe, mafundo mafundo ya kijani yenye vinywele, na harufu kali ambayo aliifananisha na machicha ya mbege, pombe ya ndizi, yaliyosahaulika kwenye pipa. Alilinywesha maji kwa kijiko cha chai kila asubuhi. Alikuwa akiliambia, "Haya, kunywa, mfupi wangu."

Godlove naye akishuka mlimani, kabla hajauliza hali ya goti la mama, aliuliza hali ya ua. Yuditha alifurahi. Alidhani kijana amepoa, ameanza kupenda nyumbani. Kila alipokumbuka jambo hilo, alitamani kumpiga mtu kofi, na hakujua aanze na Godlove au na yeye mwenyewe.

Msiniulize ilikuwaje mwanamke mkulima asiijue bangi. Bangi aliyoijua Yuditha ni ile ya kwenye taarifa ya habari, mashamba mazima, mimea mirefu kuliko askari wanaoing'oa. Nani aliwahi kumwambia kuwa ipo ya kukaa kwenye kopo, inayochanua kabla hata haijakua?

Ikafika Jumapili ya mavuno. Kwao siku hiyo kila mtu hupeleka kanisani kitu bora kilichotoka mikononi mwake, na baada ya ibada vitu vyote hunadiwa nje, uwanjani. Mwaka huo kahawa ya Yuditha ilikuwa imeshikwa na ugonjwa, na ndizi zilikuwa nyembamba, za kutia aibu. Alizunguka kihamba chote asubuhi ile, akarudi barazani, akalitazama ua. Ndicho kitu pekee kilichomstawia mwaka mzima. Godlove alikuwa mlimani na wageni, wa kumuuliza hayupo. Akalifuta kopo, akalifunga utepe mweupe, akalibeba kwa mikono miwili mpaka madhabahuni, likabarikiwa pamoja na maboga, mayai na majogoo.

Mpiga mnada alikuwa Mzee Ndelilio, sajenti mstaafu wa polisi na mzee wa kanisa mwenzake, mtu wa maneno mengi na sauti kubwa. Kopo lilipofika mikononi mwake, akalinyanyua. "Ua la mzee wetu Mama Yuditha! Tuanze na elfu mbili!"

Wakati huohuo Godlove alikuwa anaingia getini na koti lake la mlimani, ameshuka na wageni wake asubuhi. Akaona. Akapaza sauti kutoka kule kule nyuma:

"Elfu ishirini!"

Watu wakageuka, wakacheka, wakapiga vigelegele. Kwaya ya akina mama wakamchokoza: "Ishirini na tano!" Godlove, jasho likimtoka, akasukumana na watu kuja mbele. "Arobaini! Arobaini, baba, nipe nilichukue!"

Machozi yalimlengalenga Yuditha. Alidhani mwanawe anamheshimisha mbele ya usharika. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote.

"Elfu arobaini kwa kopo la nyanya!" Mzee Ndelilio akasema. "Hebu na mimi ninuse ua la arobaini." Akalisogeza puani huku anacheka. Kicheko kikakatika. Akalinusa mara ya pili, akageuza jani kwa kidole, na sura yake ikarudi kuwa ya sajenti.

"Jamani," akasema taratibu, "hii ni bangi."

Jogoo mmoja aliyefungwa miguu akawika. Mzee Ndelilio akauliza kwa adabu, maana walikuwa wamekaa benchi moja miaka yote hiyo: "Mama Yuditha, mbegu hii ulipewa na nani?"

Yuditha alimtazama mwanawe. Alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwake. Aliyekuwa na sauti ya kusikika mpaka barabarani sasa alikuwa anatazama kamba za viatu vyake. Na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi: mama aliona jela, akaona leseni ya mlimani inachanwa, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ni langu. Mbegu nilipewa na mtalii barabarani. Nilidhani ni ua."

Alingoja. Alimpa Godlove muda wa kutosha kabisa kusema neno. Godlove alikohoa.

Kopo lilichomwa kwenye moto wa jiko la kanisa, na kwa heshima yake hakuna aliyekwenda polisi. Lakini maneno yalikwenda kila mahali. Mtalii gani anayegawa mbegu barabarani kwa mabibi? Wakasema anawauzia wapagazi. Wakasema ndiyo maana mwanawe alikuwa tayari kutoa elfu arobaini, kuikomboa mali ya biashara yao. Baraza la wazee likakaa, likaamua Yuditha akae pembeni, asihudumu, mpaka Jumapili ya tatu atakaposimama mbele ya washarika aseme ukweli wa ile mbegu na kutubu.

Nyumbani alimngoja Godlove amalize kula. Hakutaka kumkaripia mtu mwenye njaa.

"Ulijua."

"Mama, mgeni mmoja ndiye aliniachia. Wanaziita za kujichanulia zenyewe, unaotesha hata kwenye kikombe. Nilitaka kujaribu tu."

"Kwenye baraza langu."

"Nani angekuja kupekua kwa mzee wa kanisa?" Alisema hivyo bila hata kufikiri.

"Kumbe," Yuditha akasema. "Kumbe mimi ndiye kopo."

"Mama, ningesema ningefungwa. Leseni yangu je?"

"Na jina langu je? Au jina halina leseni?"

Godlove akasema watu watasahau. Akasema kwa mama mzee watakuwa na huruma. Yuditha akachukua sahani yake iliyokuwa bado na mnofu, akaenda kumpa mbwa.

Hawakusemezana siku nane. Siku ya tisa asubuhi Godlove akaja barazani, ameoga, ameshika kwa mikono miwili jani la isale lililofungwa fundo. Wachagga wanaelewa. Isale ni mmea wa mpakani na wa makaburini, na mtu akikuletea jani lake ameomba msamaha, na halikataliwi. Hata aliyemwaga damu ya ndugu yako akija nalo, unalipokea, vinginevyo wewe ndiye unayegeuka mkosaji.

"Shikamoo, mama. Nimekosa."

Yuditha alilitazama lile jani. Lilikatwa kwenye kaburi la baba yake Godlove, maana ndiko lilikoota la karibu. Akanyoosha mkono, akalipokea. "Marahaba. Nimelipokea."

Godlove akashusha pumzi kama aliyetua gunia. "Asante, mama. Basi yameisha." Na mchana ule ule akapanda bodaboda kwenda Himo kutazama mpira.

Yameisha! Yuditha alibaki na jani mkononi. Kwanza Godlove alijificha nyuma ya baraza la mama, kisha nyuma ya mdomo wa mama, na sasa amepata jani la kujificha nyuma yake. Ikabaki mama peke yake aende akasimame Jumapili, adanganye mara ya pili, safari hii mbele ya madhabahu. Na akisema ukweli, amempeleka mwanawe jela kwa mkono wake. Usiku na mchana alizunguka hapo hapo, asipate mlango. Akaacha hata kulisemesha ua lingine lolote pale barazani.

Jumapili ya tatu ilipofika, kanisa lilijaa kuliko siku ya Pasaka. Godlove alikuwepo, benchi la nyuma kabisa, na koti lake. Mchungaji akamwita Yuditha mbele. Akasimama amevaa kitenge chake cha ibada, mkoba mkononi.

"Mama," mchungaji akasema kwa upole, "waambie washarika ile mbegu ilitoka wapi."

"Mchungaji, siku ile nilidanganya. Hakuna mtalii aliyenipa kitu barabarani. Hilo ni kosa langu, naliungama, na ninaomba mnisamehe." Akaushika mkoba kwa mikono miwili. "Lakini la mbegu si langu, na sitaliungama. Mimi nimesimama hapa kwa sababu kuna mtu amekaa."

Minong'ono ikapita kutoka benchi hadi benchi. Yuditha akafungua mkoba, akatoa lile jani la isale, limeanza kukauka kingo, akaliweka juu ya meza ya sadaka mahali ambapo kila mtu analiona.

"Nililetewa hili nyumbani, nikalipokea. Mila siivunji, na mimi nimeshasamehe. Ila waliokosewa ni wengi kuliko mimi. Basi lipo hapa. Mwenyewe analijua."

Akabaki amesimama pale pale. Hakutazama nyuma. Alitazama jani, na moyoni hakuwa anaomba kwa upole hata kidogo; alikuwa anamwambia Mungu kwamba kijana huyu asiposimama leo, asije tena kwake kula. Mtoto akalia akanyamazishwa.

Benchi la nyuma likalia, hatua za buti zikasikika katikati ya kanisa, na watu waliokuwa pembezoni wakainuka kuona. Godlove alipita karibu na mama yake bila kumgusa. Akalichukua jani mezani, akageukia washarika.

Yuditha akamwachia nafasi. Akatembea hadi benchi la wazee, Mzee Ndelilio akasogea bila kuambiwa, naye akaketi mahali pake.

"Ile mbegu," Godlove akaanza, kwa sauti ya kujisemea mwenyewe, "ile mbegu ni..."

"Paza sauti," mama yake akasema kutoka pale benchini. "Mnadani tulikusikia wote."