Siku Mzee Mihambo Alipotua Mzigo

Jamani, aibu hii nimeificha miaka mingi, na ningeendelea kuificha kama si rafiki yangu Hamisi kuisimulia kila harusi akiitia chumvi mpaka mimi mwenyewe siitambui. Afadhali niiseme kwa mdomo wangu. Mpaka leo mtu akitua kitu kizito karibu nami, hata kikapu cha mihogo, masikio yananiwaka.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa nafundisha elimu ya watu wazima katika kijiji kimoja mbele ya Kigwa, mimi kijana wa mjini Tabora, mtoto wa fundi cherehani, nimevaa suruali ya bugaluu inayofagia vumbi la kijiji kizima. Wanafunzi wangu walikuja alasiri wametoka shamba wamechoka, wanasinzia kwenye hesabu, basi nikabuni mchezo. Mimi nakuwa msimulizi, na watu wanne wanakuwa msafara wa zamani, ule wa kutoka Tabora kwenda pwani kwa miguu, ila katika msafara wangu njiani kuna mazimwi, simba wanaosema na mito inayohama. Kila mchezaji ana kadi yake: kirangozi anayeongoza njia, mwindaji mwenye gobore, mganga mwenye dawa, na mpagazi. Naeleza balaa lililotokea, kila mmoja anasema atafanya nini, anarusha dadu (niliiba kwenye ludo ya wadogo zangu, na hawajanisamehe), anajumlisha na nguvu zilizoandikwa kwenye kadi yake, hapo tunajua nani kapona na nani kaliwa. Watu walijifunza kujumlisha bila kujua kwamba wanajifunza.

Tatizo lilikuwa Kalunde. Alitoka kijiji cha pili kuja kunisaidia darasa la akina mama, na akicheza hataki kadi nyingine ila ya mganga, na mimi (nisemeje, nilikuwa nimekwisha) kila wiki nilimwongezea nguvu moja. Wiki ya kwanza mganga anaponya majeraha. Wiki ya pili anamlaza simba usingizi. Ya tatu analeta mvua, ya nne anageuza zimwi kuwa kichuguu, mpaka kadi ikajaa mbele na nyuma nikabandika karatasi nyingine kwa uji. Hamisi wa duka la ushirika, ambaye ndiye alikuwa kirangozi wetu, alilalamika sana. "Mwalimu Sefu," aliniambia, "mganga akipiga chafya tu zimwi limekufa. Sisi wengine tumekuja kufanya nini?" Nikamwambia awe na subira.

Na kadi ya mpagazi je? Hiyo niliitengeneza mwisho, nina haraka, wino unakaribia kwisha, nikaona kazi ya mpagazi si inajulikana, nikaandika neno moja tu: Hubeba. Kadi hiyo tulimpa yeyote aliyechelewa kufika. Na haya yote yalifanyika mbele ya ubao ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika USAWA, herufi kubwa, chaki nyeupe.

Sasa, mjomba wangu alikuwa ameshapeleka barua ya posa kwa baba yake Kalunde, Mzee Mihambo, na wiki tatu zilipita bila jibu. Nilikonda. Ndipo Kalunde akaniambia, "Baba atakuja Jumamosi kuangalia darasa."

"Kuangalia darasa au kuniangalia mimi?"

"Vyote," akasema, akacheka, mimi sikucheka.

Jumamosi alasiri ghala la tumbaku tulimosomea lilijaa, watu kama thelathini, akina mama na watoto migongoni. Mzee Mihambo aliingia akitokea mashine ya kusaga, baiskeli kaiegemeza nje na debe la unga limefungwa nyuma. Mtu mfupi, mpole, anasema taratibu. Nikampa shikamoo karibu nipige magoti, akaitika marahaba, akaketi mstari wa mbele. Nikamwomba acheze. Nilikuwa nimekunja pembe ya kadi ya kirangozi ili nimpe yeye, mgeni aongoze msafara, lakini aliposogezewa kadi alisema, "Hapana, mwalimu, vijana waanze. Mimi nitachukua itakayobaki." Hamisi (Mungu anamwona) akaiona ile pembe iliyokunjwa, akaichukua. Kalunde akachukua uganga wake kwa mazoea. Gobore likachukuliwa. Mzee Mihambo akaokota iliyobaki, akaisogeza mbali na macho, akasoma. Haikumchukua muda.

Tukaanza. Zimwi likatokea mtoni. Kirangozi akapiga ngoma, mwindaji akalenga, mganga akamaliza kazi. "Na wewe mzee, unafanya nini?" nikauliza.

"Kadi inasema nabeba. Nabeba."

Watu wakacheka kwa adabu. Akaja simba anayesema, mganga akamlaza. Nikauliza tena, mzee akasema anabeba. Mara ya tatu akaniuliza yeye. "Mwalimu, mpagazi anaweza kuimba?"

"Kadi haisemi, mzee."

"Anaweza kuchoka?"

Nikajikuna kichwa. "Kuchoka hakumo, mzee."

"Na kufa?"

"Kufa kumo."

Hapo ghala zima likaangua kicheko, na jasho likaanza kunitoka. Nikatafuta namna ya kumpoza. Alipouliza ndani ya mzigo kuna nini, nilifurahi kama mtu aliyetupiwa kamba, nikautajirisha ule mzigo kwa moyo wote: kuna chakula, nikasema, kuna maji, kuna baruti ya mwindaji, kuna dawa za mganga, ngoma ya kirangozi, na vitambaa vya kumlipa mtemi ili tupite kwake kwa amani.

"Vyote hivyo ninavyo mimi?"

"Vyote, mzee."

"Basi natua."

Akaiweka kadi chini sakafuni, akanyoosha miguu. Mimi nikaendelea kana kwamba sikusikia, nikaleta mazimwi matatu kwa pamoja. Mwindaji akasema anapiga gobore, mama mmoja nyuma akamwuliza baruti ataitoa wapi. Kalunde akasema anatumia dawa, kisha mwenyewe akaziba mdomo, maana dawa ziko kwenye mzigo. Watu wakawa wanapiga makofi, wanampigia Mzee Mihambo, wengine wanaimba nyimbo za kubebea mizigo ambazo sikujua kama wanazijua. Msafara wangu umekufa, darasa limenitoka mkononi, baba wa mchumba amenyoosha miguu, na mimi badala ya kucheka na wenzangu nikapandwa na hasira za mtoto, nikapaza sauti:

"Mzee, wewe beba tu."

Jamani. Mzee Mihambo aliinuka polepole akavaa kofia yake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniua.

"Baba yangu alikwenda pwani mara tatu na kurudi," alisema. "Bega lake moja lilikuwa na nundu, sisi watoto tulikuwa tunagombania kulishika. Neno hilo aliambiwa sana njiani. Sikutegemea kuambiwa na mkwe wangu."

Alisema mkwe. Nililisikia hilo neno likiingia na likitoka kwa pamoja. Na nikakumbuka jambo ambalo sikuwahi kulifikiria hata siku moja: babu yangu mimi alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, nyumbani walikuwa wakimsifu kwamba alikwenda pwani na mwavuli mkononi, na hakuna aliyewahi kuniambia vitambaa vyenyewe vilibebwa na nani.

Kalunde akaweka kadi yake chini kando ya kadi ya baba yake. "Mganga naye ametua," akasema, bila kuniangalia. Hamisi akatua. Mwindaji akatua. Nikabaki nimesimama peke yangu na mazimwi yangu matatu.

Mzee alipofika nje alikuta gurudumu la nyuma limekwisha upepo. Sikungoja kufikiri. Nikalifungua lile debe kutoka kwenye baiskeli, nikalitia begani, nikamwambia, "Tangulia, mzee." Akaniangalia kidogo, akashika baiskeli yake, akatangulia. Wanafunzi wangu wote wakatoka kutazama mwalimu na bugaluu yake akiyumba na debe la unga, na watoto wakatusindikiza mpaka mwisho wa kijiji wakiniambia nisimwage.

Ni mwendo wa saa nzima. Nilibadilisha bega, nikabadilisha tena, nikaweka kichwani, unga ukanishukia machoni. Nilitaka kuomba radhi nikakosa pumzi. Kama nusu ya njia Mzee Mihambo akaanza kuimba kwa Kinyamwezi, sauti ndogo tu, na miguu yangu bila kuambiwa ikaufuata wimbo, na kweli kabisa debe likapungua uzito. Nililia kidogo. Unga ulinisaidia, haikuonekana sana.

Tulipofika karibu na kwake alisimama. "Umechoka?"

"Nimechoka, mzee. Na unisamehe."

"Kumbe kuchoka kumo," akasema. Kisha akanipokea debe kwa mikono miwili. "Mwambie mjomba wako barua yake niliisoma siku ileile ilipofika. Nilitaka tu nikuone kwanza ukibeba kitu."

Wiki iliyofuata niliandika kadi upya. Mganga nilimpunguzia (Kalunde alininunia siku mbili), na mpagazi akapewa kuimba, kuchoka, na kutua pale anapoona inafaa, na toka hapo watu walikuwa wanagombania kadi hiyo, Hamisi wa kwanza. Nami nikaapa kwamba neno lile halitanitoka tena kwa mtu yeyote, mkubwa wala mdogo.

Ile kadi ya zamani ya mpagazi Kalunde hakuniruhusu kuichana. Anayo kwenye sanduku la khanga zake, na siku nikikaa barazani naagiza tu, mara maji, mara chai, mara kiti kiletwe huku, anatoka ndani, anaiweka mbele yangu. Nasoma lile neno moja, nainuka, nachukua ndoo.