Kimya cha Wimbo wa Tatu

Ukipita nje ya nyumba ya binamu yangu, mtaa wa Dallas mjini Embu, siku ambayo albamu mpya imetoka, husikii chochote. Ukichungulia dirishani utaona watu wazima wanne kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, hedfoni masikioni, macho yamefungwa, vichwa vinapanda na kushuka kwa pamoja kama vya wazee wanaokubaliana kuhusu mpaka wa shamba. Jirani mmoja aliwahi kumwuliza binamu yangu kama amefungua kanisa, na sadaka hutolewa saa ngapi.

Desturi hiyo ya kusikiliza kimyakimya hatukuitunga kwa kupenda. Kikao chetu cha kwanza tulitumia spika. Wimbo wa pili haujaisha, jirani huyo huyo, mama wa kikundi cha maombi, akabisha mlango, akaomba tupunguze sauti. Kwa kuwa alikuwa ameshaingia ndani, akatuombea. Alituombea kwa Kiembu, kwa utulivu na bila haraka, na alipomaliza tukasema amina sote, hata mimi ambaye hupenda kujua kwanza amina inakubali nini. Baada ya hapo binamu alinunua kisanduku chenye matundu manne ya kuchomekea hedfoni, na sheria zikazaliwa: albamu mpya haisikilizwi na mtu yeyote kabla ya kikao, haikatizwi katikati, hakuna kuzungumza mpaka wimbo wa mwisho uishe na chai imiminwe. Mwenye nyumba ndiye huanza kusema. Spika, tulikubaliana, ni za watu wa matanga.

Muziki wenyewe ni metali, ule wa magitaa mazito, ngoma zinazokimbia kama mvua ya mawe juu ya mabati, na mtu anayeunguruma badala ya kuimba. Watu huniuliza imekuwaje watoto wa makatekista na wachuma majani chai wakapenda kitu kama hicho. Nimejiuliza pia. Chuo kikuu nilikuwa na jibu refu lenye ukoloni ndani yake. Siku hizi sina jibu, ila najua kwamba binamu yangu, mwalimu wa hesabu asiyepandisha sauti hata darasani, huonekana amepumzika akisikiliza mtu mwingine akipiga kelele kwa niaba yake.

Wanne wenyewe ni hawa. Binamu yangu. Mimi, ninayetoka Meru. Dada mmoja wa Timau, mtaalamu wa mimea kwenye shamba la maua, ambaye huja na koti zito hata Embu ikiwa na jua. Na rafiki yetu mwenye duka la vifaa vya simu Meru mjini, anayeamini kwamba waya ukipakwa dhahabu muziki hutoka na heshima zaidi. Niliwahi kumfumba macho na kitambaa nikambadilishia nyaya, nimwone kama atatambua. Alitambua vibaya, akasema kitambaa ndicho kilichoharibu sauti.

Mwaka mmoja, kabla ya mvua za Aprili, binamu alipata homa kali, na ilipoondoka iliondoka na sikio lake la kushoto. Daktari alimwambia asitegemee kwamba litarudi. Aliniambia mimi peke yangu, tukiwa nyuma ya nyumba yake tukikagua banda la kuku alilokuwa ameanza kujenga.

"Usiwaambie hao wengine," alisema.

"Kwa nini?"

"Wataanza kunihurumia. Na huruma ya yule wa duka iko na kelele."

Nikamwuliza anasikilizaje muziki. Akasema vizuri tu. Juzi alikuwa ameweka hedfoni na kusikiliza albamu ya zamani ya bendi tunayoipenda sote, ile tunayoijua kama njia ya kwenda nyumbani, na hakuna kitu kilichopotea.

"Unasikia ama unakumbuka?"

Alishika mbao ya banda, akaitikisa kuona kama imeshika. "Wewe chuo kilikuharibu," alisema. Lakini swali lilikuwa limemwingia. Bendi hiyo ina wapiga gitaa wawili, na kwenye kila albamu mmoja husikika sikio la kushoto na mwenzake la kulia, kama wanavyosimama jukwaani. Nyimbo za zamani angeweza kuzijaza mwenyewe kichwani. Mpya isingewezekana, na mpya ilikuwa inatoka mwezi huo.

"Hii ikinipita," alisema mwishowe, "ninaacha. Hedfoni nitamwachia yule dada, mimi nifuge kuku."

Alisema kama mzaha, huku akitazama banda.

Siku ya kikao mwenye duka alifika akiwa na fungu la miraa ndani ya majani ya mgomba. Mezani alikuta muguka, ile miraa ya Embu inayotafunwa majani yake, kwenye karatasi ya nailoni.

"Hii nayo si ni chakula ya mbuzi?" alisema.

"Na hiyo yako ni kuni," binamu akamjibu. "Peleka jikoni, chai iko karibu kuchemka."

Dada wa Timau akasema yeye anatafuna njugu, na kwamba Kenya itaendelea siku wanaume wa milima hii watakapojifunza njugu. Tukachomeka hedfoni. Binamu akabonyeza.

Sitasimulia albamu nzima. Ilikuwa nzuri, na nilijaribu kama kawaida kuuliza kama ni nzuri kweli au tumeisubiri tu kwa muda mrefu. Ila nilikuwa nasikiliza kwa jicho moja, likimtazama binamu. Wimbo wa tatu ulianza na gitaa moja tu upande wa kushoto, taratibu, peke yake, kwa muda wa kutosha mtu kufunga kamba za viatu vyote viwili. Katika muda huo binamu alikuwa ametulia kabisa. Kichwa hakikupanda wala kushuka. Alikuwa anatabasamu.

Chai ilipomiminwa, yeye akaanza kusema, kama sheria inavyotaka.

"Wamekomaa," alisema. "Kilichonigusa zaidi ni kile kimya kirefu, mwanzo wa wimbo wa tatu. Hawa watu hawajawahi kuthubutu kunyamaza hivyo."

"Kimya gani?" mwenye duka akauliza.

"Ule wa tatu. Kabla ya ngoma."

"Buda, hapo si ndio gitaa inalia hadi nimekaribia kulia na mimi? Kimya gani?"

Mkono wa binamu ulipanda hadi kwenye sikio la kushoto, ukashuka. Nadhani hakujua kwamba umepanda. Mwenye duka tayari alikuwa amepiga magoti mbele ya kisanduku akikagua waya. "Nilikuambia! Nilikuambia hii waya ya sokoni itakuaibisha!" Alivaa hedfoni za binamu, akarudisha wimbo, akasikiliza huku amekunja uso, kisha akazivua polepole. "Hapana," alisema. "Iko sawa. Pande zote zinaongea."

Dada wa Timau alimtazama binamu, akamwongezea chai ingawa kikombe kilikuwa bado kimejaa nusu.

"Labda nilisinzia," binamu akasema.

Jioni walipokuwa wakiaga, alimpa yule dada hedfoni zake, zimekunjwa vizuri ndani ya mfuko wake wa kitambaa. "Kaa nazo kidogo," alimwambia. Dada alinitazama mimi. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza, nikanyamaza, na sikumbuki kunyamaza kwingine kulikoniwasha hivyo.

Nilirudi Meru nikiwa na hasira isiyo na mtu wa kuelekezewa. Nikikasirika hivyo huwa naanza kuuliza maswali. Nani aliyesema muziki lazima ugawanywe mara mbili kabla haujamfikia mtu? Jibu lilikuwa rahisi: ni sisi, na kisanduku chetu cha matundu manne. Hedfoni ndizo zinazolikabidhi kila sikio fungu lake na kulinyima la mwenzake. Nikamkumbuka binamu kwenye mazishi ya shangazi yetu, mwezi mmoja baada ya ile homa, amekaa mbali chini ya hema, akiimba na kwaya bila kukosa hata neno. Pale kulikuwa na spika mbili ndefu nyeusi.

Nikampigia dada wa Timau. Baba yake ni mzee wa kanisa, na vyombo vya kwaya hukaa kwenye stoo yao kwa sababu ndiyo yenye kufuli la kuaminika.

"Zile spika za kanisa," nilisema, "kila moja inasema mambo yake, ama zote zinasema kitu kimoja?"

"Kitu kimoja. Kwani aliyekaa upande ule akose nusu ya mahubiri?" Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ni sikio gani?"

"Mimi sijasema kitu."

"Hujasema. Ni sikio gani?"

"La kushoto."

"Jumamosi kuna harusi," alisema. "Ijumaa mchana lazima spika zijaribiwe. Mlete."

Tulimwambia binamu kwamba tunaenda kula kondoo Timau, jambo ambalo halikuwa uongo. Mwenye duka alikuja na mkoba wa nyaya, akilalamika njia nzima kwamba amesoma, ana biashara, na sasa anapelekwa kusikiliza metali kwenye spika za matanga. Ngano ilikuwa imevunwa, shamba limebaki mabua matupu hadi kwenye seng'enge, na upepo wa huko ulikuwa unafanya kazi yake. Tulibeba spika kutoka stoo, tukapita kwenye magunia ya viazi, tukazisimamisha uani zikitazama shamba. Mzee, baba yake yule dada, alikuja akiwa amevaa kofia ya sufu, tukamsalimia kwa heshima.

"Mko na wimbo wa kujaribia?" aliuliza.

"Tuko nao, mzee," nikasema.

"Uwe na nguvu. Mwaka jana harusi ya watu iliharibika, spika moja ilikuwa imelala na hakuna aliyejua."

Dada aliweka wimbo wa tatu, akaja kusimama karibu na binamu yangu, upande wa kulia.

Gitaa likatoka kwenye spika zote mbili. Likavuka ua, likaenda juu ya yale mabua, na kondoo wakainua vichwa. Binamu alisimama akiwa ameinamisha kichwa kidogo, sikio lake zima likitazama mbele kama mtu anayechungulia mlangoni. Nilitaka kumwuliza swali langu la zamani, anasikia au anakumbuka. Lakini wimbo huu hakuwa na namna ya kuukumbuka. Ngoma zilipoingia na gitaa la pili likajibu la kwanza, alikaa chini, palepale kwenye nyasi zenye maji, na suruali yake ya ualimu.

Mzee alivumilia hadi yule mtu alipoanza kunguruma.

"Huyu amefanyiwa nini?" akamwuliza binti yake.

"Anaimba kuhusu baridi, Baba."

"Baridi?" Mzee akatazama huku na huku. "Aje hapa mwezi wa saba."

Wimbo ulipoisha tulimgeukia binamu, kwa kuwa ingawa hapakuwa na chai, sheria ni sheria. Alifuta mikono kwenye magoti.

"Gitaa lipo," alisema.

"Si nilikuambia!" mwenye duka akasema.

"Lipo, nimelisikia lote. Lakini kile kimya kilikuwa kizuri zaidi."

Mwenye duka alishika kichwa. Akaanza kueleza kwa Kimeru, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa mikono, kwamba hakukuwa na kimya, kwamba huwezi kupenda kitu ambacho hakipo, na binamu akamwacha amalize ndipo akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kueleza sehemu na asilimia, "Sikio la kushoto halifanyi kazi. Tangu ile homa."

Mwenye duka alimtazama, akautazama mkoba wake wa nyaya, akainama na kuufunga zipu. "Na mimi nikatukana waya ya watu," alisema. Huruma yake yote ndiyo hiyo, na haikuwa na kelele.

Dada alitoa ule mfuko wa kitambaa kwenye koti lake na kumnyooshea binamu. "Zako hizi. Nilikuwa nakuwekea tu."

Nilidhani atazichukua. Binamu alizigusa, akahakikisha zipu imefungwa, akazirudisha kiganjani mwa dada.

"Kaa nazo kabisa," alisema. "Mimi nimehamia kwa watu wa matanga. Albamu nyingine mtanikuta hapa, mzee akikubali."

Mzee hakuwa amefuata hayo yote. Alikuwa anazunguka spika moja hadi nyingine, akiweka sikio karibu, kama mtu anayepima ng'ombe mnadani. "Hii ya huku sijaiamini," alisema. "Naona kama inakwaruza."

"Hiyo ni gitaa, Baba."

"Sijui. Rudieni ule wa baridi."

Binamu ndiye aliyeinuka, suruali imeloa, akaenda kubonyeza.